Maarifa ya Nyumbani: Muchunge foto ya kwanza



Mwezi huu tunazungumuza juu ya kitu ambacho karibu kila jamaa iko nacho leo: foto za mu telefone. Wengi wanafikiri kama foto ya telefone haiwezi kuharibika, kwani haina karatasi ya kupasuka, wala muchwa hawawezi kuikula. Basi, musikilize kwanza habari hii.

Katika muji mumoja wa migodi, muzee mumoja wa pansioni alikufa. Watoto wakasema: "Tupeleke foto ya papa ku studio, watufanyie kubwa ya kutia mbele ya sanduku." Foto ilikuwako, tena nzuri. Muzee alikuwa amekaa chini ya muembe siku ya Pasaka pamoja na jamaa yake, koti nyeusi, anacheka. Mwana wake ndiye aliyeipiga. Siku ile ile akaituma mu WhatsApp kwa dada yake. Dada akaituma kwa mujomba. Mujomba akaitia mu gurupe ya jamaa. Mujukuu akaikamata pale, akakata watu wengine wote pembeni, akaandika chini "Babu wetu", akaituma tena. Na telefone ya kwanza, ile iliyopiga foto? Waliiuza. Mbele ya kuiuza wakafuta vyote vilivyokuwa ndani.

Ku studio, mupiga foto akaifungua ku ordinatere, akaikuza. Uso ukawa viraka viraka, macho kama matundu mawili. Akawaambia: "Bamama, hii foto iko ya kuangalia paka mu telefone. Ku karatasi kubwa haitatoka. Ya kwanza iko wapi? Muniletee ya kwanza." Wakaangaliana. Ya kwanza haikuwako tena.

Mwisho mujane akakumbuka karte ya kazi ya bwana wake, mu valizi, chini ya vikwembe. Ilikuwa na foto ndogo ya santimetre 4 kwa 4. Wakaipitisha mu skana, ikatoka vizuri. Lakini katika foto ile muzee alikuwa kijana, nywele nyeusi, bila hata ndevu moja nyeupe. Wajukuu walipoiona mbele ya sanduku wakauliza: "Huyu ni nani?" Walimuzika babu yao mbele ya uso wasioujua.

Kosa halikuwa la studio, wala la telefone. Kosa ni kwamba hakuna mutu aliyechunga foto ya kwanza. Njo neno lenyewe tunalotaka kuwaambia leo. Mengine yote yanafuata pale.

FOTO IMEFANYIKA NA NINI?

Foto ya telefone ni nukta nyingi sana, zimepangwa mustari kwa mustari kama matofali ku ukuta. Kila nukta inaitwa pikseli, na kila moja iko na rangi yake. Telefone nyingi za leo zinapiga foto ya pikseli 4000 kwa 3000. Ukizidisha, unapata milioni 12. Njo maana ya maneno "megapikseli 12" yanayoandikwa ku karto ya telefone.

Nukta hizi ndizo mali yenu. Ku karatasi, mupiga foto anahesabu nukta 300 kwa kila inchi moja, ni kusema santimetre 2 na nusu. Basi mukitaka foto safi:

– ya santimetre 10 kwa 15, inaomba pikseli 1200 kwa 1800;
– ya 13 kwa 18, pikseli 1550 kwa 2150;
– ya 20 kwa 30, pikseli 2400 kwa 3600.

Kwa foto kubwa ya kutundika ku ukuta, ile ya 40 kwa 60, nukta 150 kwa inchi zinatosha, kwani watu wanaiangalia toka mbali. Kwa hiyo zile 2400 kwa 3600 zinafika pia.

Munaona kwamba foto ya kwanza, ile ya 4000 kwa 3000, karibu inatosha kwa yote haya. Sasa tufuate ile ya babu. Mukituma foto mu WhatsApp kwa njia ya kila siku, inapunguzwa mpaka karibu pikseli 1600 kwa upande murefu. Kwa kuangalia ku telefone, hakuna shida. Lakini mujukuu akakata watu wengine, akabakisha babu peke yake: pengine pikseli 500. Mukigawanya 500 kwa 300, munapata inchi moja na nusu na kidogo, karibu santimetre 4. Ni upana wa sanduku la kiberiti. Na wao walitaka kuifanya kubwa kama dirisha!

KILA KUSAFISHA KUNAPOTEZA KITU

Kuko tena jambo la pili. Foto nyingi zinawekwa kwa njia inayoitwa JPEG, iliyopangwa na wataalamu katika mwaka 1992. Njia hii inafanya foto iwe nyepesi kwa kutupa vitu vidogo ambavyo jicho la mutu haliwezi kuona haraka. Ni kama mama anayesafisha mawe ya shaba ku mutoni: maji yanabeba udongo, lakini yanabeba na vipande vidogo vya mali. Mara ya kwanza hasara ni kidogo, hauioni. Ukisafisha tena mara tano, mara kumi, mwisho unabakia na nini? Na kile ambacho mutoni umekibeba, huwezi kukirudisha mu kitunga.

Lakini musiogope bure. Kufungua foto na kuiangalia hakuipunguze hata kidogo, hata ukiifungua mara elfu. Kuikopia toka telefone mpaka ku fleshi hakuipunguze pia. Inapunguka wakati unaibadilisha (kuikata, kuiongeza mwangaza, kuandika juu yake) na kisha kuiweka tena. Tena inapunguka wakati unaituma kwa njia inayoifinya.

Watu wengi wanafanya na kosa hili: wanaona foto nzuri ku telefone ya rafiki, ao mu statut ya mutu, wanafanya kapture ya ekrani. Kwa kufanya vile munachukua nukta za ekrani paka, siyo nukta za foto. Muombe foto yenyewe.

NAMNA YA KUPUNGUZA FOTO BILA KUIHARIBU

Kuko siku ambapo kupunguza ni lazima. Mega zimebakia kidogo na mutoto iko ngambo, anataka kuona ubatizo. Ao biro moja inaomba foto isipite mega moja. Kupunguza siyo zambi. Zambi ni kupunguza ile ya kwanza. Mufuate mupango huu:

1. Mufanye kopi. Muache foto ya kwanza pale ilipo, musiiguse. Kazi yote itafanyika juu ya kopi.

2. Mukate kwanza, mupunguze mwisho. Kama munataka kutosha mutu pembeni ao kuongeza mwangaza, mufanye yote haya wakati foto ingali kubwa. Kupunguza kunakuja nyuma, mara moja tu, na kuweka mara moja tu.

3. Murefu na mupana viende pamoja. Foto ya 4000 kwa 3000 inaweza kuwa 2000 kwa 1500, ao 1600 kwa 1200. Mukibadilisha upande mumoja tu, uso wa mutu unakuwa murefu kama wa punda, ao mupana kama wa chura.

4. Programu ikiuliza kalite, mutie 85 ao 90 juu ya 100. Macho hayataona tofauti, na foto inakuwa nyepesi sana. Foto ya mega 4, ukiifanya ya 1600 kwa 1200, mara nyingi haifike hata mega moja.

5. Muiweke kwa jina lingine. Ku ordinatere munaona maneno mawili: "Enregistrer" na "Enregistrer sous". La kwanza linafuta foto ya zamani na kutia mupya pahali pake. La pili linaomba jina mupya na kuacha ya zamani salama. Muchague la pili siku zote.

Na mukitaka kutuma foto nzima, bila kuifinya? Mu WhatsApp, musipite ku njia ya foto. Mupite ku "Document", kisha muchague foto yenu pale. Itaenda vile ilivyo. Tangu mwaka 2023 kuko pia kifungo cha "HD". Kinatuma foto kubwa kupita ile ya kawaida, lakini bado inafinywa kidogo. Kwa foto ya ndoa ao ya muzee, "Document" njo inafaa. Inakula mega zaidi, ni kweli. Kama hamuna mega, mukopie ku karte ya memwari, mupeleke mukononi.

Neno moja tena. Leo kuko programu zinazoahidi kukuza foto ndogo kwa akili ya mashini. Zinatoa kweli uso safi, wenye kungaa. Lakini mujue: nukta zilizopotea hazirudi. Mashini inabahatisha. Inachora jicho linalofanana na jicho, siyo jicho la baba yenu. Kwa muchezo, sawa. Kwa kumukumbuka mufu, muangalie vizuri mbele ya kukubali.

FOTO ZETU ZA KARATASI

Mu nyumba nyingi za Likasi, Kolwezi, Kipushi na Lubumbashi kungali foto za zamani, zile za studio, nyeupe na nyeusi, baba amesimama na mama amekaa ku kiti. Hizo hazina ya pili popote. Muzipitishe mu skana wakati zingali nzima.

Foto ya santimetre 9 kwa 13, muombe skana ya nukta 600 kwa inchi. Mutapata karibu pikseli 2100 kwa 3000. Foto ndogo ya karte, ya 4 kwa 4, muombe 1200; mutapata karibu 1900 kwa 1900. Ni vile walivyofanya na karte ya yule muzee. Skana haiwezi kuongeza kitu ambacho karatasi haina, lakini itachukua chote kilichomo.

Kama hakuna skana, mulalishe foto juu ya meza karibu na dirisha, bila jua kuipiga, bila flashi. Mushike telefone sawasawa juu yake, isiiname upande. Mupige mara tatu, muchague ile iliyotulia.

Musipanguze foto ya zamani na kitambaa cha maji. Musiitie mu plastiki ya moto, kwani haitatoka tena mule. Na nyuma yake muandike majina kwa kalamu ya karboni, polepole, siyo kwa biki. Mukiwa na babu ao nyanya mwenye kukumbuka, mukae naye mangaribi moja tu: "Nyanya, huyu ni nani? Hapa ni wapi?" Foto ambayo hakuna mutu anajua majina yake inakuwa foto ya wageni.

MUTUNGI WA YEREMIA

Sasa tuko ku jambo la kuchunga. Watu wengine watasema haya ni mambo mapya ya wazungu. Hapana. Mufungue Kitabu cha nabii Yeremia, sura ya 32. Yeremia alinunua shamba kule Anatoti, kwa shekeli 17 za feza. Waliandika mukanda wa ununuzi mara mbili: mumoja ukafungwa kwa muhuri, mwingine ukaachwa wazi. Kisha akamwambia Baruku aitie yote miwili mu mutungi wa udongo, ipate kukaa siku nyingi. Vita ilikuwa ku mulango wa muji wakati ule!

Muangalie hekima ile. Mukanda wa muhuri hakuna mutu anayeugusa. Ule wa wazi njo wa kusoma. Foto ya kwanza ni mukanda wa muhuri. Kopi munayotuma, munayokata, munayoandika juu yake, ni mukanda wa wazi.

Na katika sura ya 36, mufalme Yoyakimu alikata kitabu cha Yeremia kwa kisu, akakichoma kipande kwa kipande mu moto. Kitabu kilirudi kwa sababu Yeremia alikuwa angali hai, akamusomea Baruku maneno yote tena. Lakini foto iliyochomeka, nani atatusomea tena?

Watu wa kazi ya foto wako na kanuni moja iliyoenezwa na Mumarekani mumoja, mupiga foto Peter Krogh: tatu, mbili, moja. Kopi tatu za kila foto. Juu ya vyombo vya namna mbili. Na kopi moja ikae mbali na nyumba. Kwetu tunaweza kuifanya hivi:

Ya kwanza inakaa mu telefone, ao ku ordinatere kama iko.

Ya pili mu fleshi ao disiki, ndani ya kopo ya bati yenye mufuniko, mbali na vumbi na maji ya mvua. Fleshi hii siyo ya kubebea miziki. Musiipeleke ku mashini za watu wote, kule virusi vinaingia. Kama munapashwa kwenda ku studio, mupeleke kopi ku fleshi ingine.

Ya tatu kwa dada yenu ku muji mwingine, ao kwa kaka, ao mu intaneti. Nyumba ikiungua, ao mwizi akiingia, atabeba telefone na kopo pamoja. Hatafika mpaka kwa dada yenu.

Kwa wale wanaotumia Google Photos: nafasi ya bure ni giga 15, na ndani yake mumo barua zenu pia. Ile nafasi ya bure isiyo na mwisho iliisha tarehe 1 Juni 2021. Muchague "Qualité d'origine", la sivyo foto zitafinywa. Tena muwe macho: mukifuta foto ndani ya programu hiyo ku telefone, inafutika na kule juu. Kwa hiyo isiwe kopi yenu ya pekee.

Na wale ambao hawana fleshi wala intaneti? Mutoshe foto kumi za lazima ku karatasi, mutie mu bahasha. Karatasi nzuri ni kopi pia. Yule muzee, ni karatasi ya santimetre 4 iliyomuokoa.

MAULIZO MUNAYOTUULIZA

"Fleshi inaweza kukaa miaka ngapi?" Hakuna mutu anayeweza kuahidi. Fleshi inachunga foto kwa umeme kidogo sana uliofungwa ndani yake, na ikikaa miaka mingi bila kutumika, umeme ule unaweza kupotea. Kila mwaka muichomeke, mufungue foto kadhaa. Ikipita miaka michache, mukopie yote mu fleshi mupya. Sisi tunawashauri tarehe 1 Agosti, siku ya wazazi. Asubuhi tunaenda kusafisha makaburi. Mangaribi tusafishe na foto za wale tuliowaacha kule.

"Kura ilikatika wakati ninahamisha foto, zimepotea. Kwa nini?" Kwa sababu ulihamisha. Usihamishe kamwe. Ukopie, ufungue kule zilipofika, uone kama ziko nzima, kisha tu ufute za kwanza ku telefone. Na usitoe fleshi wakati taa yake ingali inawaka-waka.

"Foto ni elfu tatu. Nianze wapi?" Foto ya mega 4, karte ya giga 32 inaingiza karibu 8000. Nafasi siyo shida. Shida ni kuzipata. Ufanye dosie kwa kila mwaka, na foto kubwa-kubwa uzipatie majina: mwaka, kitu, pahali. Kwa mufano: "2019 ndoa ya dada Likasi". Mutoto atakayezaliwa kesho ataweza kuisoma.

KAZI YA MWEZI HUU

Wapenzi wasomaji, tusiachane paka na maneno. Siku ya Mungu ijayo, kisha misa na chakula, mukae pamoja, baba, mama na watoto. Muchague foto kumi ambazo mutalia mukizipoteza: wazazi wenu, ndoa yenu, ubatizo wa watoto, mutoto aliyewaacha. Mumutafute yule aliyepiga kila foto na telefone yake mwenyewe, mumuombe ile ya kwanza, ipite ku "Document" ao ku karte. Mufanye kopi tatu. Kijana mwenye kujua telefone afanye kazi ya Baruku, na muzee mwenye kukumbuka aseme majina.

Na siku mutakapouza telefone, mbele ya kufuta, muulizane mara mbili: "Ya kwanza iko wapi?" Kama hakuna anayejibu, musifute bado.